UZI: Waangalizi wa uchaguzi kutoka jumuiya za kikanda: nani huwaalika, huona nini, na nani hurudi kuuliza?

Mwalimu wa Busia

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Busia, upande wetu wa Uganda. Tangu kura ya tarehe 15 Januari 2026 nimekuwa nikiulizwa swali moja na watu wa kila rika, kuanzia wanafunzi wangu wa kidato cha tano hadi mama anayeuza samaki karibu na mpaka: wale wageni waliovaa vizibao vyenye nembo, walioshuka kwenye magari, wakaandika kidogo na kuondoka, waliletwa na nani, na kama wangeona kura inaibwa wangefanya nini? Nimewahi kuwa mwangalizi wa ndani katika chaguzi mbili, nikitumwa na kundi la makanisa, na baada ya hapo nimesoma ripoti nyingi za jumuiya zetu. Naomba nijibu kwa urefu, kwa sababu jibu fupi hupotosha.

Ninachotaka kusema ni hiki: nguvu ya ujumbe wa waangalizi haipatikani siku ya kura. Huamuliwa miezi kadhaa kabla, kwenye barua ya mwaliko na kwenye bajeti, na hupimwa miaka miwili au mitatu baadaye, pale mtu anaporudi kuuliza mapendekezo yaliishia wapi. Siku ya kura ndiyo sehemu ndogo kuliko zote, ingawa ndiyo pekee inayopigwa picha.

Nianze na mwaliko. Hakuna jumuiya inayoingia nchi mwanachama kuangalia uchaguzi kwa kupenda kwake. Mkataba wa Afrika wa Demokrasia, Uchaguzi na Utawala, uliopitishwa Addis Ababa tarehe 30 Januari 2007 na kuanza kutumika mwaka 2012, unasema katika kifungu cha 19 kwamba nchi iliyojifunga nao itaiarifu Kamisheni ya Umoja wa Afrika kuhusu uchaguzi uliopangwa na kuialika itume ujumbe. Kifungu cha 20 kinamtaka Mwenyekiti wa Kamisheni atume kwanza kikundi cha uchunguzi wa awali, ambacho kazi yake ni kutazama hali ilivyo nchini, sheria zikoje, na kama mazingira yanaruhusu uchaguzi wenye maana. Hapa kwetu, Sheria ya Tume ya Uchaguzi inaipa Tume mamlaka ya kumwidhinisha mtu au taasisi kuwa mwangalizi. Kwa hiyo mwenye nyumba ndiye anayefungua mlango, na ndiye anayeweza kuufunga.

Mlango hufungwa kwa namna nyingi, na mara nyingine bila neno la ukali. Mwaka 2020, siku chache kabla ya kura ya Burundi ya tarehe 20 Mei, waangalizi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki waliarifiwa kwamba wakifika watatengwa kwa siku 14 kwa sababu ya korona. Ukihesabu siku, kura ingepigwa na kuhesabiwa wao wakiwa ndani ya vyumba, na hivyo hawakuangalia uchaguzi ule. Mwaka 2021 hapa Uganda, Marekani ilifuta mpango wake wa kuangalia baada ya zaidi ya asilimia 75 ya maombi yake ya vitambulisho kukataliwa. Marekani si jumuiya ya kikanda, lakini njia ni ileile: anayetoa kitambulisho ndiye anayepanga nani aone.

Kuna pia upande wa pili, ambao ninauheshimu sana, wa jumuiya yenyewe kukataa kwenda. Mwaka 2011 ECOWAS, yaani Jumuiya ya Uchumi ya nchi za Afrika Magharibi, ilipeleka watu wake Gambia kabla ya uchaguzi wa Novemba, wakarudi na taarifa kwamba wapinzani na wapiga kura walikuwa wametishwa, na Jumuiya ikatangaza kwamba haitatuma waangalizi. Mwaka 2015 Umoja wa Afrika nao ulikataa kuangalia uchaguzi wa wabunge wa Burundi uliofanyika mwishoni mwa Juni. Kukataa kwenda ni kauli nzito kuliko ripoti ya kurasa mia, maana mgeni aliyekubali kuketi mezani tayari ameipa karamu heshima fulani.

Mwalimu wa Busia (naendelea)

Sasa tuje kwa watu wenyewe. Ujumbe wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huandaliwa na sekretarieti ya Arusha. Hukusanya wabunge wa Bunge la Afrika Mashariki, maofisa wa tume za uchaguzi na za haki za binadamu za nchi wanachama, watu wa asasi za kiraia na vijana. Nchi inayopiga kura haitoi mwangalizi katika ujumbe huo, na hilo ni sawa. Kiongozi wa ujumbe kwa kawaida ni mtu aliyewahi kushika madaraka makubwa. Mwaka 2016 aliyekuja kwetu alikuwa Mzee Ali Hassan Mwinyi, Rais mstaafu wa Tanzania, akiwa na umri wa miaka 90. Mwaka 2017 Uganda ilimtoa Profesa Edward Rugumayo kuongoza ujumbe uliokwenda Kenya, na mwaka 2022 Kenya ikampokea Jakaya Kikwete.

Nimefikiri sana juu ya desturi hii ya kuwatumia wastaafu. Faida yake ni kubwa pale mambo yanapoharibika, kwa sababu Rais mstaafu akipiga simu Ikulu usiku simu hupokelewa, na huweza kuketi na pande zote mbili zinazokataa kusalimiana. Hata hivyo mtu aliyeshinda chaguzi zake katika mazingira yaleyale huona vigumu kumwambia mwenzake maneno ambayo yeye mwenyewe hakupenda kuambiwa. Ningependa kuona majaji wengi zaidi. Mwaka 2016 Umoja wa Afrika ulimleta hapa Jaji Sophia Akuffo wa Ghana, na naamini huo ndio mfano wa kufuata.

Waangalizi wa muda mfupi hufika mji mkuu siku chache kabla ya kura. Hupewa semina juu ya sheria za nchi, kanuni za maadili na namna ya kujaza fomu, kisha hugawanywa wawili wawili, kwa kawaida kutoka nchi tofauti, na kupelekwa mikoani. Alfajiri ya siku ya kura kila jozi hushuhudia kituo kimoja kikifunguliwa, sanduku likionyeshwa kuwa tupu na kufungwa lakiri, halafu huzunguka kituo hadi kituo. Saa kumi jioni, vituo vyetu vinapofungwa, huchagua kimoja cha kushuhudia hesabu.

Nifanye hesabu ya mfano tu. Ujumbe wenye jozi 30, kila jozi ikifika vituo 10, utaona vituo 300. Mwaka 2021 Uganda ilikuwa na vituo 34,684, na 300 kati ya hivyo havifiki hata asilimia moja. Sisemi kwamba kazi hiyo haina faida, kwa kuwa hata sampuli ndogo ikichaguliwa vizuri huonyesha mengi. Nasema kwamba sentensi ya «upigaji kura ulikwenda kwa utulivu katika vituo tulivyotembelea» inapaswa kusomwa polepole, hasa maneno yake ya mwisho.

Nakumbuka kituo kimoja katika gombolola letu, yaani eneo dogo la utawala ndani ya wilaya, nilipokuwa mwangalizi wa ndani. Wageni walifika saa tano asubuhi. Walikuwa na adabu, waliuliza maswali mazuri, wakakaa kama nusu saa, wakaondoka. Wakati huo foleni ilikuwa imenyooka na mawakala wa vyama walikuwa wakigawana maji. Vurugu ilitokea baada ya saa kumi na mbili, giza likiingia, taa ikiwa moja, pale msimamizi wa kituo alipotaka mawakala wasaini fomu ya matokeo kabla tarakimu hazijaandikwa. Wageni hawakuliona jambo hilo, na ripoti yao haikuwa na namna ya kulieleza. Hawakudanganya hata neno moja.

Wakili, Mbale

Mwalimu, ahsante kwa kutuandikia kwa uangalifu. Hata hivyo naomba nikupinge kidogo, kwa sababu naona umewaonea huruma sana. Tatizo la waangalizi wa kikanda si muda walioupata tu. Ni kwamba serikali zilizowatuma zinajua zamu yao itafika, na zimwi likujualo halikuli likakwisha. Tazama Kenya, Agosti 2017. Walikuwapo Umoja wa Afrika ukiongozwa na Thabo Mbeki, Rais mstaafu wa Afrika Kusini, Jumuiya yetu ikiongozwa na Profesa uliyemtaja, na wengine kutoka mbali. Taarifa za awali zote zilisifu utulivu wa siku ya kura. Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ikaufuta uchaguzi wa Rais. Malawi ni vivyo hivyo: kura ya Mei 2019 ilipita mikononi mwa waangalizi bila lawama kubwa, na tarehe 3 Februari 2020 mahakama ikaifuta, ikiwa imeonyeshwa fomu za matokeo zilizopakwa wino mweupe na kuandikwa upya. Kama majaji waliona na waangalizi hawakuona, tuwaite kwa faida gani?

Mwalimu wa Busia

Wakili, mifano yako ni ya kweli na ndiyo hasa inayonisumbua. Ila nakuomba uitazame tena kwa swali la mahali. Kosa la Kenya lilipatikana wapi? Si kwenye foleni wala kwenye sanduku, bali kwenye usafirishaji na uhakiki wa matokeo, yaani njia kati ya kituo na makao makuu ya tume. Wino wa Malawi nao ulipakwa kwenye fomu za matokeo. Waangalizi walisimama mahali ambapo wizi wa zamani ulifanyika, wakati tatizo lilikuwa limehamia chumba cha kujumlishia. Mahakama iliona kwa sababu ilikuwa na uwezo wa kuamuru fomu ziletwe na mitambo ifunguliwe. Mwangalizi hana amri hiyo. Ana ruhusa ya kuona anachoonyeshwa.

Hapa lugha yetu inatusaidia kufikiri. Tanzania husema «mtazamaji wa uchaguzi», Kenya na sisi husema «mwangalizi». Mtazamaji hutazama tu, lakini anayemwangalia mgonjwa au mtoto huwajibika kwa hali yake. Watu wetu husikia neno «mwangalizi» na kudhani mgeni amekuja kuilinda kura, na kumbe kanuni zinamkataza hata kumsahihisha karani anayekosea. Anaruhusiwa kuandika, kuuliza na kuondoka.

Kuhusu zimwi, sikubaliani nawe moja kwa moja. Agosti 2023 ujumbe wa SADC, yaani Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika, nchini Zimbabwe, ukiongozwa na Nevers Mumba wa Zambia, ulisema wazi kwamba baadhi ya mambo katika uchaguzi ule hayakufuata katiba ya nchi hiyo wala misingi ya SADC, na serikali ya huko ilikasirika sana. Baada ya kura ya Tanzania ya tarehe 29 Oktoba 2025, SADC ilisema uchaguzi haukufikia matakwa ya misingi yake, na ikaeleza kwamba baadhi ya waangalizi wake walihojiwa kwa ukali na vyombo vya usalama huko Tanga. Umoja wa Afrika, chini ya Mokgweetsi Masisi, Rais mstaafu wa Botswana, nao ukasema uchaguzi haukufuata misingi ya Umoja. Kwa hiyo jirani anaweza kumwambia jirani ukweli. Tofauti ninayoiona ni kwamba SADC ina kipimo kilichoandikwa na kinachojulikana: Misingi na Miongozo ya mwaka 2004, iliyofanyiwa marekebisho baadaye, pamoja na baraza lake la ushauri wa uchaguzi. Mwenye rula mkononi hasemi «nadhani», anapima mbele ya watu.

ECOWAS wamekwenda mbele zaidi. Itifaki yao ya Dakar ya mwaka 2001 inakataza kubadilisha sheria ya uchaguzi kwa kiasi kikubwa katika miezi 6 ya mwisho kabla ya kura bila ridhaa ya wadau wengi wa kisiasa. Jumuiya yetu ina misingi ya uangalizi, na Mkataba wake unataja demokrasia na utawala wa sheria katika kifungu cha 6, lakini Itifaki ya Utawala Bora imebaki rasimu kwa miaka mingi, na hilo linaniuma kama mwana Afrika Mashariki.

Dada wa Arua

Mwalimu, mimi ninauliza jambo dogo. Januari hii niliona vizibao vya aina nyingi, na kingine kilikuwa na nembo tatu kwa pamoja. Kwa nini kila jumuiya isilete watu wake, au zote zisije kama ujumbe mmoja? Na hizo fedha hutoka wapi?

Mwalimu wa Busia

Dada, swali lako si dogo. Uganda ni mwanachama wa Umoja wa Afrika, wa Jumuiya ya Afrika Mashariki yenye makao Arusha, wa COMESA ya Lusaka, yaani soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, na wa IGAD ya Djibouti, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake. Kila moja ina haki ya kualikwa. Kizibao cha nembo tatu kilikuwa cha ujumbe wa pamoja wa Umoja wa Afrika, COMESA na IGAD, ulioongozwa na Goodluck Jonathan, Rais mstaafu wa Nigeria. Kenya mwaka 2022 ilipokea ujumbe wa pamoja wa Umoja wa Afrika na COMESA ulioongozwa na Ernest Bai Koroma wa Sierra Leone, huku IGAD na Jumuiya yetu zikija kivyake.

Mimi naunga mkono kuungana. Jumuiya tatu zikichanga hupata jozi nyingi zaidi, hufika wilaya za mbali kama zenu badala ya zote kujazana Kampala, Wakiso na Jinja, na hutoa kauli moja ambayo serikali haiwezi kuichambua ikachukua ile laini na kuitupa nyingine. Hatari yake ni kwamba maneno ya taarifa hujadiliwa na wakubwa watatu kabla ya kusomwa, na kila mkubwa hupunguza sentensi moja.

Kuhusu fedha, hutoka kwenye michango ya nchi wanachama na kwa wafadhili wa nje, na michango ya nchi mara nyingi huchelewa. Hapo ndipo waangalizi wa muda mrefu hupotea. Ni watu hao, wanaokaa wiki nyingi na kufuatilia uandikishaji, uteuzi wa wagombea, mikutano ya kampeni na mwenendo wa polisi, wanaoweza kueleza uchaguzi mzima. Fedha zikipungua, wao ndio hukatwa kwanza kwa kuwa hawaonekani kwenye televisheni. Kumbuka pia kwamba hapa kwetu intaneti ilizimwa kabla ya kura mwaka 2021, na tena Januari hii. Mwangalizi anayetegemea kishikwambi kutuma fomu yake hubaki na karatasi, na chumba cha hali halisi kule Kampala, panapokusanywa taarifa za waangalizi, hubaki bila habari za Arua.

Mzee wa Bombo

Wanangu, nimewasoma wote. Nimepiga kura tangu mwaka 1980. Mnazungumzia kuja kwa hawa watu. Niambieni kurudi kwao. Aliyekuja mwaka 2016 akaandika kwamba vifaa vilichelewa, amewahi kurudi kuuliza kama sasa vinafika mapema?

Wakili, Mbale

Mzee wangu, swali lako limenifanya niache ubishi na Mwalimu. Mwaka ule wa 2016, tarehe 18 Februari, vifaa vilichelewa kwa saa nyingi katika vituo vya Kampala na Wakiso, na kila ujumbe uliandika hivyo. Kesi ya Amama Mbabazi, mgombea aliyepinga matokeo ya urais, ilipofika Mahakama ya Juu, majaji walilitupa ombi lake, lakini katika hukumu kamili waliyoitoa Agosti walipendekeza mageuzi, yakiwamo kuongeza muda wa kufungua kesi na kutaka sheria za mageuzi ya uchaguzi zitungwe ndani ya miaka 2 tangu Bunge jipya kuanza. Walimtaja Mwanasheria Mkuu kuwa ndiye wa kufuatilia, na wakampa miaka 2 kutoa taarifa. Muda wa kufungua kesi uliongezwa kutoka siku 10 hadi 15, na wa mahakama kuamua kutoka siku 30 hadi 45. Mageuzi mengine ya sheria yalipita mwaka 2020, yakiwa yamechelewa mno, kampeni zikiwa mlangoni. Yalichelewa, ndiyo, lakini kulikuwa na mtu aliyetajwa na tarehe iliyotajwa, na sisi mawakili tulikuwa na karatasi ya kumdai nayo.

Mwalimu wa Busia

Mzee, na wewe Wakili, mmelisema jambo ambalo nilikuwa nalizungukia. Chukua ripoti yoyote ya kikanda na usome sura ya mapendekezo. Utakuta «serikali iangalie uwezekano wa», «Tume iimarishe», «vyama viendelee kujenga uvumilivu». Hakuna tarehe wala mtu aliyetajwa kwa cheo chake. Ujumbe huvunjwa, kiongozi hurudi kwao, waangalizi hurudi kwenye kazi zao, na baada ya miaka 5 huundwa ujumbe mwingine wenye watu wengine, unaoandika tena kwamba vifaa vilichelewa. Januari hii mashine za kuthibitisha alama za vidole ziligoma vituo vingi na kura ikachelewa kuanza. Kifaa kimebadilika, lakini mama wa foleni amesimama juani saa zilezile.

Ninachopendekeza si kigeni. Jumuiya iteue kikundi kidogo, hata watu 5, wakiwamo mmoja kutoka tume ya uchaguzi ya nchi jirani na mmoja wa Bunge la Afrika Mashariki, kirudi mwaka mmoja baada ya kura na tena mwaka wa tatu, kikiwa na orodha ya mapendekezo ya ujumbe uliopita, na kila moja lijibiwe: limefanyika, halijafanyika, nani amelizuia. Majibu hayo yasomwe mbele ya Bunge la Afrika Mashariki, yachapishwe kwa Kiswahili, ambacho Baraza la Mawaziri la Uganda lilikipitisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, ili mzee wa Bombo na mama wa samaki wasome wenyewe. Gharama ya tiketi 5 za basi kutoka Arusha haifanani hata kidogo na ya ujumbe mzima.

Dada wa Arua

Na sisi tulio hapa? Wewe uliwahi kuwa mwangalizi wa ndani. Huoni kwamba hao ndio wanaobaki?

Mwalimu wa Busia

Naona hivyo, Dada, na ndiyo maana inanisikitisha waangalizi wa ndani wanapopewa vitambulisho kwa kuchelewa au wanaponyimwa, kwa sababu ujumbe wa kikanda hutegemea taarifa zao kuliko unavyokiri. Mgeni akija wilayani kwenu, mtu wa kwanza anayemtafuta ni mwangalizi wa ndani anayejua kituo kipi kilihamishwa na kwa nini. Usiku ule wa gombolola letu tulibaki wawili, mimi na binti mmoja mwalimu wa shule ya msingi. Tulikataa kuondoka hadi tarakimu zikaandikwa kwanza, ndipo mawakala wakasaini. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini. Yule binti alinakili fomu nzima kwenye daftari lake la maandalio ya masomo, kwa mwanga wa simu, na nakala hiyo ndiyo tuliyoipeleka asubuhi kwa wale wageni hotelini kwao.